Nilishuhudia Kabla Sijavuka

Nianze na mkojo, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Siku ya kwanza ya dawa utaenda chooni, utaona rangi ya mawese, na utapiga kelele. Mimi nilipiga. Mume wangu alikuja mbio na fimbo akidhani ni nyoka. Si nyoka, si damu, ni dawa tu inapita. Hata machozi yanaweza kugeuka rangi, kwa hiyo kama una mpango wa kulia, usivae blauzi nyeupe.

Naitwa Faila. Ni fundi cherehani hapa Uvira, mtaa wa Kimanga, na nimepona kifua kikuu, ile sisi huku tunaita tebe. Nimepona mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa uongo, na uongo huo niliusema mwenyewe, mbele ya watu, maikrofoni mkononi. Mambo ya vijidudu na mapafu sitayaeleza, yana wenyewe. Ninaandika kwa ajili yako wewe uliyekaa kwenye benchi ya simenti, karatasi mkononi, unajiuliza kama mtu anatoka humo akiwa mzima. Anatoka. Mimi hapa, leo mchana nimekula sahani mbili za bugali na ndagala, dagaa wa ziwani, na ninaiangalia ya tatu.

Ilianza na mvua za kwanza. Kikohozi kidogo, nikasema ni vumbi la vitambaa. Fundi wa nguo hana mizani, ana kamba ya kupimia, na ile kamba haimwonei mtu huruma. Kila Jumamosi nilikuwa napunguza gauni langu lile lile la kitenge, pini mbili huku, pini mbili kule, na wateja wananisifu. "Mama Asifiwe, umerudi musichana!" Nilicheka nao. Asubuhi shuka zilikuwa za kukamua jasho.

Baba Asifiwe, mume wangu, ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa taratibu zake. Ndiye aliyenipeleka kwenye kituo cha afya. Nikatema makohozi kwenye kikopo, kando ya mama mwingine anayetema kwenye kikopo chake, na wote wawili tukaangalia ukuta kwa adabu. Majibu yakatoka: ni tebe.

Hapo nyumba ikabadilika. Mama mkwe alishuka kutoka Lemera akamchukua Asifiwe, binti yetu wa miaka sita, akapanda naye milimani hadi nitakapopata nafuu. Baba Asifiwe akaninunulia sahani ya plastiki, ya kijani, yangu peke yangu. Muganga wa kituo alimweleza kwamba tebe haipiti kwenye sahani, inapita kwenye hewa, fungueni madirisha. Madirisha akayafungua. Sahani ikabaki. Niliichukia ile sahani kuliko ugonjwa wenyewe.

Muganga wetu wa tebe ni mzee wa miwani minene, kila mtu anamwita Papa Muganga. Kila asubuhi unameza mbele yake. "Fungua kinywa. Inua ulimi. Asante, mama." Haulizi zaidi. Kwenye fishi yako, ile kadi ya matibabu, anaweka alama ya kalamu, na wewe unarudi nyumbani tumbo likinguruma na viungo vikiuma, unajiona bibi kizee wa miaka thelathini na saba.

Baada ya miezi miwili nikatema tena. Papa Muganga akasoma karatasi, akatabasamu. "Negatif, mama. Sasa tunaingia mu kipande ya pili, miezi ine. Dawa inapunguka lakini haikatike."

Mimi nilisikia neno moja tu. Negatif! Yale mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile. Sikuwa nimevua viatu, mtaa mzima ulishajua. Asifiwe akarudishwa nyumbani, mnene, ananuka moshi wa Lemera, akalala mapajani mwangu mchana kutwa.

Sasa lazima nieleze jambo la kanisa letu, maana bila hilo utaniona mjinga kuliko nilivyo. Kwetu, mtu aliyetendewa jambo hakai nalo nyumbani. Siku ya ibada ya shukrani anasimama mbele, anashuhudia, na akishashuhudia jambo limefungwa. Ukishasema "nimepona" pale mbele, huna ruhusa ya kuumwa tena kitu kile kile. Watu watasema ama ulidanganya, ama imani yako imetoboka.

Nilishuhudia kwenye ibada ya mwaka mpya. Nilijishonea gauni, mikono ya puto, shingo ya mraba. Nikasema, "Nimepona!" Vigelegele vikapaa, na mama mmoja wa kwaya akaja na kopo la poda akanimwagia kichwani, kama tunavyofanya kwa mtu mwenye furaha. Poda ikanishuka puani. Kikohozi kikapanda. Nikakimeza kwa nguvu zangu zote huku natabasamu, machozi yananitoka, na watu wakasema, tazama, analia kwa shukrani.

Kesho yake nilitakiwa kwenda kumeza dawa. Njia ya kituo inapita mbele ya meza ya yule mama wa poda, anauza mukate na mayai. Angeniuliza, "Mama Asifiwe, unaenda wapi na ile fishi?" Ningejibu nini? Siku ya kwanza nilizungukia njia ya nyuma. Siku ya pili mvua ilinisaidia. Siku ya tatu sikutafuta sababu tena. Pasta hakuniambia niache, mume wangu hakujua, Mungu wala sikumuuliza. Ni mimi. Papa Muganga alipotuma mtu kunitafuta, nilijificha nyuma ya vitambaa, nikamwambia jirani aseme nimeenda Kamanyola kununua vitenge.

Miezi mitatu nilikaa hivyo, na kusema kweli nilinenepa. Halafu mvua kubwa zikaja, na kikohozi nacho. Siku moja, mchana, nashona shati jeupe la mwanafunzi, nikakohoa, na kwenye kola nikaona tone jekundu. Nililitumbukiza shati kwenye beseni la maji baridi. Hapo hapo akaingia Yaya Bienve, kaka yangu mkubwa, fundi wa simu pale soko la Mulongwe. Mtu huyu hana siku ya kubisha hodi.

"Faila, hii ni nini mu beseni?"

"Nimejidunga sindano."

"Weye? Miaka kumi na tano uko unashona, leo njo unajidunga? Nionyeshe kidole."

Nikamwonyesha vidole kumi, vyote vizima. Kabla sijatunga uongo mwingine, kikohozi kikajibu kwa niaba yangu.

"Dawa uliacha lini?"

"Nilishuhudia, Yaya."

"Sikukuuliza kanisa. Nakuuliza dawa."

Akachukua ufunguo wa pikipiki. Nikasema ngoja nibadilishe nguo. "Panda!" akapiga kelele, na jirani zangu wote wakatoka kuona.

Papa Muganga aliitoa fishi yangu kwenye kabati, ile ile, imejaa alama hadi mwisho wa mwaka, na baada ya hapo nyeupe tupu. "Nilikutafuta, mama."

"Nilikuwa Kamanyola."

"Miezi mitatu?"

"Vitenge vilikuwa vingi."

Yaya alicheka, mzee naye akacheka, akavua miwani akaifuta. Akaniuliza sababu, nikamweleza habari ya ushuhuda. Akatingisha kichwa. "Mungu haiko na haraka, mama. Ni weye njo ulikuwa nayo." Kisha akaacha kucheka. Akanieleza kwamba tunaanza zero, tangu siku ya kwanza, miezi sita. Na kuna jambo lingine. Ukiacha dawa katikati, ugonjwa unaweza kuizoea. Ukishaizoea, hii haitauweza tena, watatafuta nyingine, ndefu zaidi, ngumu zaidi, na hata hiyo hakuna anayekuahidi. Makohozi yangu yangetumwa kwenye mashine ya hospitali kubwa, mashine iseme.

"Na mutoto yako?" akauliza. "Analala wapi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Asifiwe alikuwa analala kwangu. Miezi mitatu nilimbana kifuani nikiwa mwenye furaha.

Baba Asifiwe hakunigombeza. Angenigombeza ningepata pa kujitetea. Alifunga nguo za mtoto kwenye mfuko, akapanda naye Lemera siku ile ile, akampeleka hospitali ya huko. Kesho yake akapiga simu, yuko juu ya kilima anatafuta mtandao, upepo unakula maneno. "Kifua chake ni kizima. Wamempa dawa ya kinga. Atabaki kwa bibi yake." Akakata. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, peke yangu jikoni, bila maikrofoni.

Mashine haikusema haraka. Mto ulifurika, barabara ikakatika, majibu yakakwama upande ule. Kila asubuhi nilienda kumeza dawa ambazo hatukujua kama bado zina kazi, nikakaa kwenye veranda ya kituo, madirisha wazi, kila mtu na kitambaa chake mdomoni. Siku hizo za kungoja ndizo zilizonitesa kupita kikohozi. Cherehani sikuweza kuigusa.

Yaya ndiye aliyeniletea Munara.

Tulipokuwa watoto, mjomba wetu alileta kutoka Bujumbura mashine ya michezo, ile ya kuunganisha kwenye televisheni, ya kaseti. Kaseti ilikuwa moja. Maandishi yake yalikuwa ya kigeni kabisa, hakuna aliyejua mchezo unaitwaje, sisi tukauita Munara. Kamuntu kadogo kenye ndoo kichwani kanapanda mnara kwa kurukia mbao. Popo wanakasukuma, mbao zinavunjika, na chini maji yanapanda. Kalikuwa na roho tatu. Zikiisha unaanza chini kabisa, hata kama ulibakiza ngazi moja. Na umeme wa Uvira ukikatika, hata roho kumi hazikufai kitu. Juu kabisa kulikuwa na kengele. Hakuna mtoto wa mtaa wetu aliyewahi kuigonga. Mara moja tu Yaya alifika daraja la mwisho, lile la kuvukia kwenye kengele, na mimi kwa furaha nikaruka, mguu ukanasa waya, televisheni ikawa nyeusi. Miaka zaidi ya ishirini na mitano imepita na hakuna sikukuu asiyonikumbusha ule waya.

Sasa alikuwa ameutia Munara ule ule kwenye simu yangu, na ndoo yake, na popo wake. "Angalia hapa," akasema. "Iko kifungo. Ukibonyeza, mchezo unakumbuka mahali uko. Ukikufa, unarudi pale pale. Inaitwa sovegarde."

"Hakuna kuanza chini?"

"Hakuna."

"Ni kudanganya, Yaya."

"Danganya basi. Kamuntu hakatakusemea kwa Pasta."

Nikadanganya. Ndugu msomaji, nilidanganya kwa moyo wote! Pale kwenye benchi, mimi mama mzima na kitambaa mdomoni, nilipanda ghorofa ambazo utotoni tulizisikia kwa majina tu. Kila ubao, sovegarde. Kila popo aliyepita, sovegarde. Yaya alinitazama akauliza, "Uko unacheza ama uko unapiga picha?" Sikumjali. Kwa saa nzima sikufikiria mashine ya hospitali, na vidole vyangu hatimaye vilikuwa na kazi.

Halafu, kwenye ghorofa la mbao nyembamba, nikafanya upuuzi. Niliruka, nikaona ubao wa mbele uko karibu, nikajua nimefika, nikabonyeza. Kumbe sijafika. Nilikuwa hewani, ndoo kichwani, miguu inapiga upepo. Na sovegarde ni moja tu, mpya inafuta ya zamani. Kamuntu kakaanguka majini. Nikarudisha: kako hewani, kanaanguka. Nikarudisha tena. Mara kumi, mara ishirini, kila nikikafufua kanafufukia hewani na maji yako chini yake.

Yaya alipokuja jioni nikampa simu. Akaangalia. Akarudisha, kakafa. Akarudisha, kakafa. Akacheka hadi akakaa kwenye ngazi.

"Faila! Umesovegarde kifo!"

"Nilizani nimefika."

"Uko hewani! Hauone miguu? Kwanza unavuka, unasimama, miguu inakanyaga, njo unabonyeza. Si unabonyeza juu ya kufurahi tu!"

Nilicheka naye, nikakohoa, kisha kicheko kikakwama. Machozi yakaanza kunitoka, na kweli nilikuwa nimevaa blauzi nyeupe. Yaya akadhani ninalilia mchezo.

"Yaya," nikasema, "mwaka mpya njo nilifanya hivi. Mbele ya kanisa mzima. Nilikuwa hewani."

Aliacha kucheka. Akaigeuza simu mikononi. Sijui kama alitafuta neno la kunifariji akalikosa, lakini alichosema kilinifaa kuliko faraja. "Bon. Turudi chini. Tuanze."

Akafuta ile sovegarde mbovu. Kamuntu kakasimama chini kabisa ya mnara, roho tatu, kama zamani.

Siku tatu baadaye barabara ilifunguliwa. Nilimwona Papa Muganga kwa mbali, amesimama mlangoni na karatasi, na nikajaribu kusoma uso wake nikashindwa kwa sababu ya ile miwani. Akaniambia hata kabla sijakaa. "Tebe haijazoea dawa, mama. Iko inakufa. Hii yetu inatosha." Nilimshika mkono nikasahau kuuachia. Wagonjwa wote wa veranda walipiga makofi, wengine bila kujua ni kwa nini, na mzee mmoja akapiga makofi hadi akakohoa akaambiwa akae chini.

Kutoka hapo ilikuwa ni kuhesabu. Mvua zikaisha, kiangazi kikaingia na upepo wake kutoka ziwani, ndagala zikaanikwa, vumbi likaingia hadi ndani ya sukari. Njaa ya dawa ikanishika, njaa ya aibu, unakula sombe, kisamvu chetu, na jicho liko kwenye sufuria ya jirani. Miguu iliwaka moto, nikapewa kidonge kingine kwa ajili hiyo, ikatulia. Kamba ya kupimia ikaanza kurefuka. Nilitoa zile pini kwenye gauni la kitenge moja moja, na kila pini niliyoitoa niliiweka kwenye kopo kwa heshima.

Mwisho wa mwezi wa pili wa dawa nikatema. Negatif.

Baba Asifiwe alifurahi, uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu Lemera. Akachukua simu. "Acha nimwambie Pasta. Watu wanauliza, wanasema mengi. Ukishuhudia yataisha."

"Hapana."

"Faila, ni neno lile lile. Negatif."

"Njo maana. Ni neno lile lile."

Tukagombana. Ndiyo, siku ya habari njema tuligombana hadi jirani akapunguza redio asikie vizuri. Akasema nimemwaibisha mara mbili, kwa kupona na kwa kuumwa. Nikasema na yeye ananilisha kwenye sahani ya mbwa. Hatukuwa na mbwa. Akatoka nje, akakaa muda mrefu. Aliporudi tulikuwa tumepoa wote wawili, nikamweleza ule mchezo, kamuntu, hewani, miguu. Mtu wa taratibu kama yeye alielewa upesi kuliko nilivyotegemea. Akairudisha simu mezani.

Siku iliyofuata nilipakua chakula. Alichukua sahani ya kijani kabla yangu, akajiwekea bugali yake humo, akala hadi akaisafisha kwa kidole. Tangu siku ile sahani hiyo ni ya yeyote, na juzi nimeikuta kwa kuku.

Papa Muganga alisema sasa mtoto anaweza kurudi. Mimi ndiye niliyeogopa, nikamwacha hadi shule zilipokaribia kufunguliwa. Asifiwe alishuka amepoteza meno mawili ya mbele. Alisimama mlangoni akauliza, "Mama, nakukumbatia ama bado?" Ee, maneno hayo. Nikamwambia, "Njoo," na nikageuza uso pembeni kwa mazoea, na akanigeuza kwa mikono yake miwili.

Munara tulikuwa tunacheza Jumapili mchana, mimi na Yaya, kwenye ngazi za nyuma. Sovegarde tulibakiza, sisi si wazimu, lakini tulijiwekea sheria: mara moja kwa ghorofa, na miguu ikiwa imekanyaga. Ghorofa la popo weupe lilitula wiki tatu. Mwezi wa tano wa dawa tukafika daraja la mwisho. Yaya akanipa simu. "Cheza weye."

"Ni daraja lako, Yaya."

"Cheza. Waya haiko tena."

Nilivuka. Sikumbuki nilivukaje. Kamuntu kakasimama juu, kakavua ndoo, na kumbe ile ndoo ndiyo ya kugongea kengele. Ikalia: ngo, ngo, ngo, sauti nyembamba ya simu. Yaya Bienve, mwanaume wa miaka arobaini na miwili mwenye watoto wanne, alirukaruka uani kama mbuzi. Halafu yakapita maandishi yale yale tusiyoyajua, na mchezo ukajianzisha upya kutoka chini, popo wakiwa na mbio zaidi. Tukaangaliana.

"Zima," akasema.

Nikazima.

Mvua zilipoanza tena nilimeza kidonge cha mwisho. Fungua kinywa, inua ulimi. Papa Muganga akasubiri majibu ya labo, kisha akachukua kalamu nyekundu akaandika kwenye fishi kwa herufi kubwa kwamba nimepona, akapiga muhuri, akapuliza wino ukauke. "Sasa, mama," akasema, "kama uko na kitu ya kusema kanisani, sema."

Nilisema. Ibada ya shukrani ya mwisho wa mwaka, gauni la kitenge lile lile, halina pini hata moja. Nilisema yote: kwamba mara ile nilishuhudia mapema, kwamba niliacha dawa kwa kuogopa macho yao, kwamba damu yangu ilidondoka kwenye shati la mtoto wa mtu, kwamba binti yangu angeweza kuugua kwa sababu ya maringo yangu. Hakukuwa na vigelegele. Pasta akaangalia Biblia yake. Yule mama wa kwaya alikuwa ameshasimama na kopo la poda, hajui amwage ama akae.

Nikamwambia kwenye maikrofoni, "Mwaga, mama. Leo sitakohoa."

Akamwaga. Poda ikanijaa puani, nikavuta pumzi ndefu hadi chini kabisa, nikaitoa. Kimya. Kifua hakikutoa hata mlio. Hapo vigelegele vikaja, na Asifiwe akapiga chafya kwa niaba yangu.

Nje, watu wakisalimiana, mtu akanivuta mkono. Ni dada mmoja wa kwaya, sauti ya kwanza, namjua kwa jina la mtoto wake, Mama Riziki. Alikuwa amefunga kitenge chake mara mbili kiunoni, na mimi fundi nikaona jinsi kilivyolegea.

"Nami nilishuhudia," akanong'ona. "Mwezi wa nane."

"Dawa ziko wapi?"

"Ziko mu sanduku." Akakohoa ndani ya kiganja, akaangalia kama kuna aliyesikia. "Mama Asifiwe, watanisema."

"Watakusema. Miye walinisema, na bugali nakula. Kesho saa moja nakupitia."

Nilimpitia. Tulipita mbele kabisa ya meza ya mikate, nikamsalimu mama wa poda kwa sauti kubwa, akatufungia mayai mawili bila kuuliza. Kwenye kituo Mama Riziki akatema kwenye kikopo, nami nikaangalia ukuta kwa adabu. Kisha tukakaa kwenye ile benchi ya simenti kungoja. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. Nikatoa simu, nikamwonyesha kamuntu, ndoo, popo, kile kifungo. Alijifunza upesi. Ubao wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu akaruka vizuri, akacheka kidogo kwa furaha, na nikaona kidole chake kinakimbilia kifungo.

Nikakishika.

"Bado," nikamwambia. "Vuka kwanza."